Namna Marubani Wanavyozisoma Injini za Ndege

Abiria aketiye dirishani karibu na bawa la ndege huweza kuiona injini kwa macho yake mwenyewe. Rubani haioni. Katika ndege nyingi za abiria injini huning'inia chini ya mabawa au hufungwa ubavuni karibu na mkia, mita nyingi nyuma ya kiti chake, wala hana kioo cha pembeni kama kile cha dereva wa basi cha kumwonyesha yaliyoko nyuma. Injini yaweza kutoa moto bavuni mwa ndege, abiria wakauona, naye asiuone. Karibu yote ayajuayo juu ya injini zake huyajua kwa njia ya vipimo vilivyopangwa mbele yake katika chumba cha rubani.

Hali hiyo inazusha swali ambalo kila mwanafunzi wa sayansi anapaswa kulitafakari. Kuna tofauti gani kati ya jambo lenyewe na kipimo cha jambo hilo? Na je, mtu mwenye kipimo sahihi mbele ya macho yake aweza bado kukosea? Makala haya yanakusudia kueleza ni vitu gani hupimwa katika injini ya ndege, jinsi habari hizo zinavyomfikia rubani, na jinsi marubani wanavyofunzwa kuzitazama na kuzipima kabla ya kutenda.

INJINI YA JETI KWA UFUPI

Injini ya jeti hufanya kazi nne mfululizo: huvuta hewa, huishindilia, huchoma mafuta ndani yake, kisha huitoa nyuma kwa kasi kubwa. Mbele kabisa lipo pangaboi kubwa. Nyuma yake ipo kompresa, yaani safu za mapanga madogo yanayoishindilia hewa. Baada ya kompresa ni chumba cha kuchomea mafuta, na nyuma ya chumba hicho ipo turbini, ambayo huzungushwa na gesi ya moto ipitayo. Turbini nayo, kwa kuwa imefungwa kwenye mhimili mmoja na kompresa, huizungusha kompresa hiyo. Hivyo injini hujiendesha yenyewe maadamu mafuta yanaingia.

Injini nyingi za ndege za abiria zina mihimili miwili, mmoja ukipita ndani ya mwingine. Mhimili wa ndani hubeba pangaboi, na mwendo wake huitwa N1. Mhimili wa nje hubeba kompresa ya kanieneo kubwa, na mwendo wake huitwa N2. Katika injini ya CFM56-7B, ambayo huziendesha ndege za Boeing 737-800, asilimia 100 ya N1 ni mizunguko 5,175 kwa dakika, na asilimia 100 ya N2 ni mizunguko 14,460 kwa dakika. Mwanafunzi akigawanya kwa 60 ataona kwamba mhimili wa nje huzunguka mara 241 katika sekunde moja tu! Rubani, hata hivyo, haonyeshwi tarakimu hizo kubwa. Huonyeshwa asilimia, kwa sababu akili iliyoshughulika hutambua upesi zaidi kwamba 90 iko chini ya 100 kuliko kwamba 4,658 iko chini ya 5,175.

VIPIMO VIKUU

Pamoja na N1 na N2, rubani huonyeshwa halijoto ya gesi itokayo, kiasi cha mafuta yanayochomwa kila saa, kanieneo, halijoto na kiasi cha oili, na mtetemo wa injini. Kila kimoja kina maana yake. Oili ikipungua kanieneo, huenda bomba limevuja au pampu imeharibika. Mtetemo ukizidi, huenda panga limevunjika na gurudumu limepoteza uwiano wake.

Halijoto ya gesi ndiyo inayochungwa zaidi wakati wa kuwasha injini. Katika injini tuliyoitaja, wakati wa kuiwasha halijoto hiyo haipaswi kuzidi Sentigredi 725, na wakati wa kuruka haipaswi kuzidi 950. Rubani huanza kwa kuzungusha mhimili wa N2 kwa nguvu ya hewa. Ukifika kiasi cha asilimia 25, hufungulia mafuta. Kuanzia hapo jicho lake haliachi kipimo cha halijoto. Kikipanda kwa kasi kuelekea mpaka wake, hufunga mafuta mara moja bila kungoja kuona kitakachotokea, kwa maana mapanga ya turbini yakiungua hayatengenezeki kwa dakika moja wala kwa shilingi mia.

Lakini ni chombo gani kiwezacho kukaa katika moto huo na kupeleka habari mbele? Zebaki haifai. Kinachotumika ni themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha kwa ncha. Mnamo mwaka 1821 mwanasayansi Thomas Seebeck aligundua kwamba nyaya za namna hiyo, kiungo kimoja kikiwa cha moto na kingine baridi, huzaa nguvu ya umeme. Nyaya za aloi za nikeli zitumikazo kwenye injini huzaa kiasi cha mikrovolti 41 kwa kila Sentigredi moja ya tofauti. Kwa tofauti ya Sentigredi 900 tunapata takriban milivolti 37. Kiasi hicho ni kidogo mno, hakiwezi kuwasha hata taa ya tochi, lakini chatosha kabisa kupimwa na kugeuzwa kuwa mshale unaosogea mbele ya rubani.

KIPIMO KINAPODANGANYA

Katika baadhi ya injini msukumo hautambuliwi kwa N1 bali kwa uwiano wa kanieneo mbili: kanieneo ya gesi itokayo nyuma, ikigawanywa kwa kanieneo ya hewa iingiayo mbele. Geji yake huandikwa herufi EPR. Uwiano ukiwa 2, maana yake gesi inatoka na kanieneo maradufu ya ile iliyoingia.

Tarehe 13 Januari 1982, siku ya theluji na baridi kali, ndege aina ya Boeing 737-200 iliondoka katika uwanja wa ndege wa Washington, Marekani. Marubani hawakuwa wamewasha mtambo wa kuzuia barafu kwenye injini. Kwa sababu hiyo kihisio cha mbele, kipimacho kanieneo ya hewa iingiayo, kiliziba kwa barafu na kupeleka kanieneo ndogo kuliko ile ya kweli. Marubani walikusudia uwiano wa 2.04, wakasukuma nyenzo za nguvu mpaka geji zikaonyesha hivyo hasa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba uwiano wa kweli ulikuwa karibu 1.70.

Hesabu yake ni nyepesi. Tukigawanya 1.70 kwa 2.04 tunapata sehemu tano za sita. Kwa maneno mengine, kanieneo ya mbele ikisomwa pungufu kwa sehemu moja ya sita tu, sehemu ya chini ya mgawanyo hupungua, na jibu hupanda kutoka 1.70 hadi 2.04. Injini ilikuwa dhaifu, lakini geji ilisema ina nguvu. Ndege hiyo, ikiwa pia na theluji mabawani, haikuweza kupaa ipasavyo. Iligonga daraja na kuangukia katika mto Potomac. Watu 78 walikufa, wanne kati yao wakiwa katika magari yaliyokuwa darajani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ukweli ulikuwako palepale. Geji za N1, za halijoto na za mafuta hazikuzibwa na barafu, nazo zote zilisoma chini kuliko zinavyopaswa kusoma uwiano unapokuwa 2.04. Rubani msaidizi aliona kwamba mambo hayaendi sawa, akasema hivyo zaidi ya mara moja ndege ilipokuwa ingali ikikimbia ardhini. Hata hivyo safari haikukatizwa. Funzo la kwanza basi ni hili: kipimo kimoja ni shahidi mmoja. Pale palipo na mashahidi wanne, hakimu mwenye busara huwasikiliza wote kabla ya kutoa hukumu.

KUTOKA GEJI HADI SKRINI

Ndege ya kwanza ya ndugu Wright, iliyoruka mwaka 1903, ilikuwa na chombo cha kuhesabu mizunguko ya injini, saa ya kupimia muda, na kipima mwendo wa hewa. Kadiri injini zilivyoongezeka ndivyo na geji zilivyoongezeka. Kufikia miaka ya 1970 ndege kubwa zilikuwa na geji na swichi nyingi hata ikahitajika kuwa na mtu wa tatu, yaani mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma ya marubani akiuelekea ukuta mzima wa vipimo.

Hata hivyo ukuta huo ulikuwa na mpangilio. Geji zilipangwa kwa safu: safu ya wima kwa kila injini, safu ya mlalo kwa kila kipimo. Katika ndege yenye injini nne, geji nne za halijoto zilikaa bega kwa bega, na injini zote zikiwa nzima mishale yake ilielekea upande mmoja. Mtazamaji hakuhitaji kusoma tarakimu hata moja. Mshale mmoja ukienda kinyume ulionekana mara moja, kama askari mmoja aliyegeuka kushoto katika gwaride lililogeuka kulia.

Mwaka 1982 ndege ya Boeing 767 ilianza kubeba abiria ikiwa na skrini mahali pa geji nyingi za injini, na mwaka uliofuata ikaja Airbus A310, nayo ikiwa na skrini. Kompyuta hupokea habari kutoka kwenye vihisio, huzilinganisha na mipaka iliyowekwa, kisha huamua nini cha kuonyesha. Katika ndege ya Boeing 747 ya zamani palikuwa na geji, taa na swichi 971. Katika 747-400, iliyoanza kazi mwaka 1989 bila mhandisi wa ndege, zilibaki 365.

Falsafa ya skrini hizo ni kunyamaza mambo yakiwa mema. Vipimo vikuu huonekana daima kwenye skrini ya juu. Vile vya daraja la pili vyaweza kuondolewa ndege ikiwa imetulia angani, lakini kimoja kikivuka mpaka wake hurudi chenyewe bila kuitwa. Rangi nazo zina lugha yake. Nyekundu humwambia rubani atende mara moja. Rangi ya kaharabu humwambia ajue, ajiandae kutenda. Tena kuna nyakati ambapo kompyuta hukaa kimya makusudi. Ndege ikikimbia kwenda kupaa, na mwendo ukiwa umepita noti 80 hivi, yaani karibu kilometa 150 kwa saa, maonyo mengi yasiyo ya hatari kubwa huzuiwa mpaka ndege iwe imepanda. Wahandisi walitambua kwamba onyo dogo linalokuja wakati mbaya laweza kuzaa kosa kubwa.

MACHO HAYANA PAZIA

Wahenga walisema macho hayana pazia. Twaweza kuongeza kwamba akili inalo. Mtu aweza kutazama asione, hasa akiwa ameshaamua anachotarajia kukiona.

Tarehe 8 Januari 1989 ndege mpya aina ya Boeing 737-400 iliruka kutoka London kwenda Belfast ikiwa na watu 126. Ilipokuwa ikipanda, katika kimo cha zaidi ya futi 28,000, panga moja la pangaboi la injini ya kushoto lilivunjika. Ndege ilitetemeka kwa nguvu, na harufu ya moshi ikaingia ndani. Marubani waliamua kwamba injini yenye hitilafu ni ya kulia. Waliipunguza nguvu, kisha wakaizima.

Kwa bahati mbaya, wakati uleule mtetemo na moshi vilipungua, nao wakaamini kwamba wametenda sawa. Kumbe injini ya kushoto ilitulia kwa sababu ya mabadiliko ya nguvu, si kwa sababu ya kuzimwa kwa ile ya kulia. Geji ya mtetemo ya injini ya kushoto ilibaki kwenye kilele chake kwa dakika kadhaa, ikisema kweli, bila msomaji. Ndege ilielekezwa kwenye uwanja wa East Midlands. Karibu na uwanja marubani walihitaji nguvu zaidi. Injini iliyojeruhiwa ikashindwa, nayo ndege ikaanguka kando ya barabara kuu karibu na kijiji cha Kegworth. Watu 47 walikufa.

Wachunguzi hawakuridhika na kusema tu kwamba marubani walikosea. Waliuliza kwa nini. Waligundua kwamba katika ndege hiyo mpya mishale mirefu ya geji za zamani ilikuwa imebadilishwa na alama ndogo za taa zinazosogea ukingoni mwa duara. Geji ya mtetemo ilikuwa ndogo, wala haikuwa na kitu cha kuvuta macho inapovuka kiasi. Tena marubani wengi walikuwa wamejifunza katika ndege za zamani kwamba geji za mtetemo haziaminiki, hivyo walizoea kutozitegemea. Wale wawili hawakuwa wamefanya mazoezi ya vipimo hivyo vipya katika mtambo wa kuigiza urukaji. Rubani mkuu alianza kuyapitia upya yaliyotokea, lakini mazungumzo ya redio yakamkatiza, wala hakuyarudia. Na nyuma yao, abiria na baadhi ya wahudumu waliouona moto upande wa kushoto hawakufikisha habari hiyo mbele.

Msomaji asiwahukumu upesi. Nilipokuwa ng'ambo nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu, nilipata fursa ya kuketi katika mtambo wa kuigiza urukaji. Milinganyo ya injini ya jeti niliijua kwa moyo. Mwalimu aliiharibu injini moja kwa siri. Kiti kikatikisika, kengele ikalia, nami nikavuta wenzo kwa uhakika mkubwa. Mwalimu aliniomba kwa upole niutazame mkono wangu uko wapi. Nilikuwa nimeizima injini nzima. Geji zilikuwa mbele yangu, tena kubwa. Lakini mkono ulikwisha kutangulia, na macho yalifuata ili kuutetea.

Kosa la namna hiyo halikwisha pamoja na geji za zamani. Tarehe 4 Februari 2015 ndege aina ya ATR 72 ilipoondoka Taipei, injini yake ya pili ilipoteza msukumo. Skrini iliitaja injini ya pili waziwazi. Wenzo uliorudishwa nyuma ulikuwa wa injini ya kwanza. Kati ya watu 58 waliokuwamo, 43 walikufa.

JINSI MARUBANI WANAVYOFUNZWA

Kutokana na maafa kama hayo zimejengwa desturi ambazo rubani hufanyishwa mazoezi hadi ziwe sehemu ya tabia yake. Ya kwanza ni kuirusha ndege kabla ya kuitibu injini. Ndege yenye injini mbili yaweza kuendelea kuruka kwa injini moja; hivyo mara nyingi muda wa kufikiri upo. Ya pili ni kulinganisha vipimo: geji moja haihukumu injini mpaka nyingine ziulizwe. Ya tatu ni macho ya watu wawili. Rubani mmoja hushika wenzo na kuutaja kwa sauti kuwa ni wa injini ya ngapi. Mwenzake huutazama na kuthibitisha. Ndipo wenzo husogezwa, tena polepole, huku wote wawili wakitazama kama vipimo vinajibu kama walivyotarajia. Ya nne ni kurudi nyuma na kuuliza upya: tulichoamua bado ni kweli?

Matunda ya mafunzo hayo yalionekana tarehe 4 Novemba 2010. Ndege kubwa ya Airbus A380 iliyokuwa imebeba watu 469 ilitoka Singapore kwenda Sydney. Dakika chache baada ya kupaa, gurudumu moja la turbini katika injini ya pili lilipasuka kwa sababu ya moto wa oili iliyovuja, na vipande vyake vikatoboa bawa na kukata nyaya nyingi. Skrini ikafurika jumbe za hitilafu, zaidi ya 50 kwa jumla. Marubani watano waliokuwamo hawakukimbilia uwanjani. Waliizungusha ndege angani, wakapitia jumbe hizo moja baada ya nyingine kwa muda wa kama dakika 50, wakipima kila shauri la kompyuta kabla ya kulifuata. Rubani mkuu, Richard de Crespigny, ameeleza kwamba hatimaye aliligeuza swali: badala ya kuhesabu vilivyoharibika, alihesabu vilivyobaki vizima. Ndege ilitua salama. Hakuna hata mtu mmoja aliyejeruhiwa.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa gharama ndogo. Chukua waya wa shaba na nyaya mbili za chuma zilizosuguliwa vizuri. Sokota kila ncha ya waya wa shaba pamoja na ncha ya waya mmoja wa chuma ili kupata viungo viwili, kisha unganisha ncha za chuma zilizobaki na galvanometa. Weka kiungo kimoja katika maji baridi na kingine katika maji yanayochemka, uone mshale ukisogea. Kisha kitoe kile cha maji ya moto, ukikaushe, na ukipashe polepole kwenye mwali wa moto. Mshale utapanda, lakini baada ya kiungo kupita kiasi cha Sentigredi 270 utaanza kurudi chini ijapokuwa joto linaongezeka!

Hapo waulize wanafunzi maswali mawili. Kwanza, mtu aliyefika amechelewa, akauona mshale ukiteremka, atasema nini juu ya joto la kiungo kile? Pili, angehitaji kipimo gani kingine ili asidanganyike? Mwanafunzi awezaye kuyajibu hayo ameanza kuelewa kwa nini watengenezaji wa injini hawatumii shaba na chuma. Ameanza pia kuelewa kazi ya rubani, ambaye hulipwa mshahara wake ili aulize swali la pili kabla mkono wake haujafika kwenye wenzo.